Kwa Nini Mpiga Gitaa Anainama

Zamzam binti Habibu alikuwa na miaka kumi alipoona jambo lililomnyima raha kwa miaka kumi na minne iliyofuata. Ilikuwa siku ya maonyesho ya kilimo mjini Machakos. Alikuwa amesimama juu ya debe lililopinduliwa, muwa mkononi, na mbele yake bendi moja kutoka Kalama ilikuwa inapiga. Mwimbaji aliimba weee, akasimulia habari za mke aliyerudi kwao na mbuzi waliobaki nyuma, kisha maneno yakamwishia. Hapo mpiga gitaa, mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu, akainama mpaka mkono ukafika chini. Alipoinuka, gitaa lilikuwa limebadili sauti. Lilikuwa linalia kwa ukali na utamu ambao haukuwamo mwanzoni. Umati wote nao ukainama, akina mama kwa vijana, ukainuka pamoja, na ngoma ikakolea.

Watoto wengine walicheza. Zamzam alibaki na muwa wake akijiuliza: yule anainamia nini?

Aliuliza. Alikuwa mtoto wa kuuliza, na walikuwako watu mtaani kwao, nyuma ya msikiti, waliokuwa wakibadili njia wakimwona anakuja. Mama yake alimwambia kwamba mpiga gitaa huinama kuwaheshimu wazee kabla ya kuwachezesha. Mwalimu wake wa darasa la nne alisema ni desturi ya kale ya Wakamba, na kwa kuwa mwalimu mwenyewe alikuwa Mkamba, Zamzam akamwamini kwa muda wa juma zima. Muuza miwa alisema wapi, yule anaficha vidole wapinzani wasimwibie mtindo. Mwishowe akamwendea baba yake, Habibu Musau, fundi wa redio, aliyekuwa ameukunja mgongo juu ya redio ya mtu.

"Mimi sijui mambo ya ngoma," Habibu alisema. "Nipe koleo."

Msomaji ayashike maneno hayo, maana mzee hakusema uongo hata kidogo. Habibu hakuwa mtu wa ngoma. Babake alikuwa kijana wa Kalama aliyeshuka mjini kumfanyia kazi mfanyabiashara wa kutoka pwani, akasilimu, akajenga, akazaa. Nyumbani kwao Kikamba kilibaki jikoni na Kiswahili kikakaa dukani. Habibu alijua msikiti, alijua meza yake, na alijua njia iliyounganisha hayo mawili. Miziki ya watu ilimfikia ikiwa mbovu tu, ndani ya masanduku yaliyonyamaza, na ikishapona inaondoka na mwenyewe.

Meza hiyo ilikuwa na sheria zake. Kila kitu kilichoingia kilipimwa kwa betri moja, nyaya mbili na balbu ya tochi. Taa ikiwaka, kitu kizima. Isipowaka, ni maiti. Na maiti wa Habibu hakutupwa. Alichorwa msalaba mdogo kwa tupa, asije akachanganywa na wazima, kisha akawekwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopangwa rafuni: mkebe wa vipaza sauti, mkebe wa vifundo vya kuongezea sauti, mkebe wa swichi. Ukimuuliza kwa nini Mwislamu anachora misalaba, alikujibu kwamba tupa haiwezi kuchora mwezi.

Zamzam alipomaliza kidato cha nne, macho ya babake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Kwanza alianza kumsomea rangi za vipande, halafu akawa anamshikia, halafu siku moja akaona yeye ndiye amekaa kwenye kiti na mzee amekaa pembeni kwenye benchi la wateja. Hakuna aliyetangaza. Wateja walichelewa kuelewa. Mtu aliingia na redio kwapani, akamwangalia yule dada mwenye buibui na bisibisi mkononi, akauliza, "Fundi ametoka?" Zamzam alikuwa akimjibu, "Fundi ndio huyu unamuuliza," na kuendelea na kazi yake. Si kwamba hakuumia. Aliumia kila mara, ila aligundua kuwa redio haijali.

Na lile swali lake? Lilikuwa limezidi kunona. Kufikia wakati huo kila mpiga gitaa wa upande ule alikuwa anainama, kuanzia Kalama hadi Kithyoko kule karibu na Tana. Waliinama wale wenye viboksi vya chuma chini ya miguu yao, vile wanavyoita pedali, vinavyobadili sauti ya gitaa. Wakainama na wasio na pedali. Zamzam aliwahi kupita nje ya kanisa moja Jumapili akamwona kijana wa kwaya, gitaa limechomekwa moja kwa moja kwenye spika, hana kiboksi hata cha dawa, naye akafika katikati ya wimbo akainama akaigusa saruji tupu. Zamzam alicheka peke yake mpaka nyumbani.

Basi ikaja Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka 2002. Aliingia dukani mzee mrefu wa kofia ya sufu, anatembea kama aliyemeza mwiko. Alikuwa Festus Ndeti, yuleyule wa maonyesho, sasa anaelekea miaka sitini. Aliposalimu tu, Habibu alimtambua kwa sauti.

"Festus! Kaa chini, bwana."

"Nikikaa nani ataniinua, fundi? Wacha nisimame tu."

Alieleza. Mwezi wa pili alianguka kutoka juu ya lori la mchanga, na tangu siku hiyo analala juu ya ubao. Viatu anafungiwa na mkewe Kasyoka. Vidole ni vizima, masikio ni mazima, lakini kuinama hakuna tena. Na bila kuinama wimbo wake unakwama katikati, maana ile sauti ya pili haiji.

Walikuwa wamejaribu mengi. Walifunga kamba ya mkonge kwenye kijiti cha swichi ya pedali yake ili aivute kwa kidole gumba cha mguu. Sauti ikaja vizuri, lakini kamba huvuta, haisukumi, kwa hiyo wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na mwingine, gitaa bado linalia tu. Halafu wakaweka pedali juu ya stuli kando yake.

"Nikakaa hapo kama mgonjwa ya kulishwa uji," Festus alisema. "Watu wakachekacheka. Halafu wakaanza kucheza, mama mmoja akapiga hiyo stuli na makalio. Ona."

Akaitoa pedali kwenye mfuko. Swichi ilikuwa imepasuka vipande viwili.

"Jumamosi tuko na arusi ya mtoto ya Muindi, huko Kalama," aliendelea, na sauti ikamshuka. "Kaloki ndiye anaongoza bendi siku hizi. Ameniambia vizuri tu, si kwa ubaya. Ameniambia, mzee, kama Jumamosi hiyo sauti haitakuja, solo napatia mwingine. Mimi sijui kufanya kitu ingine, mwaitu, mama yangu. Shamba hainitaki na hii mgongo."

Zamzam aliipokea pedali. Habibu alikuwa ameshajua la kufanya. "Mwekee swichi ingine kama hiyo," alimwagiza bintiye. "Ziko tele pale chini."

Ndipo Zamzam alipoiangalia ile swichi vizuri, kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa swichi ya taa ya ukutani, nyeusi, ya mviringo, yenye kijiti cha kusukumwa kwa kidole. Pedali zote alizowahi kuona mezani pale zilikuwa na swichi hiyo, na jicho lake lilikuwa limezoea, kama linavyozoea mlango uliopinda. Sasa aligeuza kiboksi, akakiona kina miguu ya mpira chini. Kitu kimetengenezwa kikae sakafuni. Akatazama juu. Tundu lilikuwa dogo na la duara kamili, na swichi ya ukutani ilikuwa imelazimishwa pale kwa kipete cha bati kilichokatwa kutoka kifuniko cha soda. Nani anatengeneza kitu cha kukaa sakafuni na kukiwekea swichi ya ukutani?

"Mzee Festus," alisema polepole, "hii kitu ilikuja hivi?"

"Aa-aa. Ilikuja na kitufe ya chuma. Ya kukanyaga."

"Kukanyaga na mguu?"

"Sasa utakanyaga na nini ingine? Nilikaa nayo miezi mitatu, ikakufa. Nikaleta kwa babako, akatoa hiyo, akaniwekea ya mkono. Wenzangu pia wakaleta zao. Fundi alikuwa mmoja tu."

Mkono wa Zamzam ulisimama hewani. Miaka kumi na minne. Wazee, desturi ya kale, vidole vya kuficha. Alimtazama babake aliyekuwa ameegemea ukuta hana habari, akatamani kucheka, akatamani pia ardhi imfunike kwa niaba yake. Mtu aliyewainamisha wapiga gitaa wa Machakos alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, anachovya mandazi kwenye chai.

"Niachie hii, mzee," alimwambia Festus. "Rudi Ijumaa."

Festus alipoondoka, akachukua bisibisi.

Alipoifungua pedali alikuta nyaya sita zimeelekea kwenye tundu. Babake alikuwa ametumia mbili. Zile nne alikuwa amezikata na kuzifunga kwa utepe mweusi.

"Baba, hizi nyaya nne zilikuwa za nini?"

"Za ziada."

Zamzam alikubali kwa mdomo. Moyoni alijiambia kuwa hajawahi kumwona mtu anayeuza kitu akakitia nyaya nne za bure. Akashusha mkebe wa swichi kutoka rafuni, akaumwaga juu ya gazeti. Chini kabisa, chini ya swichi za redio na za pasi, zilikuwapo kumi na moja za aina moja: kifua cha bluu, kitufe cha chuma juu, na chini miguu sita midogo katika safu mbili za tatu tatu. Kila moja ilikuwa na msalaba wake wa tupa.

Akazipima kama alivyofundishwa. Waya huu kwenye mguu wa mwanzo, waya ule kwenye mguu wa mwisho. Akabonyeza kitufe, ikalia *tak*. Balbu haikuwaka. Akabonyeza tena. Haikuwaka. Akazimaliza zote kumi na moja, safu kwa safu, na balbu ikabaki giza kama chupa tupu.

"Nilikwambia," Habibu alisema kutoka benchini. "Ningezitoa kama zingekuwa nzima?"

"Na huu mguu wa katikati?"

"Wa katikati ni wa arthi, wa kupeleka umeme ardhini. Hauguswi."

Kesho yake asubuhi aliamka swichi zile zimemkereketa usiku kucha. Si balbu iliyomkera, ni ule mlio. Kitu kikilia *tak* kuna kitu kimehama ndani, na kikilia *tak* tena kimerudi. Maiti gani hawa wanaohamahama? Mzee alipokwenda kunyoa ndevu, Zamzam alichagua swichi iliyochakaa kuliko zote, akaikaza kwenye jiliwa la kubania, akaziinua taratibu zile kucha nne za bati zinazoshikilia mfuniko. Aliomba Mungu. Mfuniko ukang'oka, springi ikamruka usoni, ikapotelea chini ya meza, na kwa muda wa robo saa fundi wa redio wa mji wa Machakos alikuwa amepiga magoti na tochi akitafuta kitu kidogo kuliko punje ya ulezi.

Alipoipata alirudi kuangalia ndani. Palikuwa na bembea mbili. Hakuwa na neno jingine kwa kile alichokiona: vibanzi viwili vya shaba, kila kimoja kimekalia mguu wa katikati kama watoto wanavyokalia ubao uliowekwa juu ya gogo. Ukibonyeza, kibanzi kinaegemea mguu wa mbele. Ukibonyeza tena kinaegemea wa nyuma. Mguu wa mwanzo na wa mwisho haikutani hata siku moja, dunia iishe. Kila kitu kilipita katikati.

"Haizimi," Zamzam alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu. "Wala haiwashi. Inageuza njia."

Sasa alikuwa anaiona pedali nzima kichwani. Sauti inatoka kwenye gitaa, inafika kwenye bembea. Upande huu inakwenda moja kwa moja kwenye spika. Upande ule inapitia kwanza kwenye vile vidubwasha vinavyoifanya ilie. Ndiyo sababu ya nyaya sita. Babake alikuwa amepima njia panda kama anayepima ukuta, akaiona haina kitu, akaizika.

Alichukua swichi ya pili. Waya mmoja akaushikiza kwenye mguu wa katikati, wa pili akaugusisha mguu wa mbele. Balbu ikawaka. *Tak*, ikazima. Akahamisha waya kwenye mguu wa nyuma. Ikawaka. Zamzam alipiga kelele hata mshona viatu wa jirani akachungulia kuuliza kama kuna nyoka.

Kufikia adhuhuri alikuwa amezigawa. Ukiitoa ile aliyoifungua, zilibaki kumi. Sita zilikuwa nzima kabisa. Tatu zilisitasita, taa inakuja na kukonyeza. Alizibonyeza mara hamsini hamsini, akazidondoshea spiriti kidogo, akazipima upya, na mbili zikatulia. Moja ilikuwa imekufa kweli, plastiki yake imelainika kwa joto na miguu imelala upande. Halafu, katika zile sita, alikuta moja yenye masalio ya nyaya bado yamening'inia kwenye miguu: jekundu, jeupe, jeupe, la manjano, la kijani. Mguu wa sita haukuwa na kitu. Akaleta pedali ya Festus, akalinganisha rangi. Zilikuwa zilezile. Swichi ya Festus mwenyewe ndiyo hii, nayo haikuwa na ugonjwa wowote tangu siku ilipochorwa msalaba. Ulichomoka waya mmoja tu, kwa kukanyagwa na mtu anayependa wimbo wake.

Furaha yake iliisha hapo hapo, ikaingia hofu. Kuna mtu ameinama miaka kumi na minne kwa sababu ya waya mmoja. Na Habibu Musau kitu alichobakiwa nacho, macho yakiwa yamekwenda, ni jina lake la ufundi. Zamzam alipiga moyo konde akaamua hatasema. Ataifunga swichi, atamwambia babake kwamba alipata mpya kwa mtu wa Nairobi, na uongo huo atautubia baadaye.

Alhamisi alianza kulehemu. Kwa tahadhari alijaribu kwanza kwenye swichi nyingine nzima, na tahadhari hiyo ndiyo iliyomwokoa. Chuma cha moto kilikaa kwenye mguu sekunde moja zaidi ya ilivyopaswa, mguu ukazama ndani ya plastiki kama kijiti kwenye ugali, na swichi nzima ikawa maiti halisi. Harufu ikajaa duka.

"Unaunguza nini?" Habibu aliuliza.

"Kitu kidogo tu, Baba."

"Lete."

Ukiambiwa lete na mzee, unaleta. Habibu aliishika ile swichi ya moto, akaipapasa miguu, akapapasa kifua, na kidole gumba chake kikasimama. Kilikuwa kimeupata msalaba.

"Hii ni maiti yangu," alisema. "Unailehemu ya nini?"

Zamzam alikuwa ameandaa uongo mzuri sana, wenye mtu wa Nairobi na basi la asubuhi. Ulimi ulimkatalia. Alichukua swichi ya Festus, na kwa kuwa babake asingeweza kuiona balbu, akaunganisha spika ndogo badala yake. Spika ilikwaruza betri ilipofika, ikanyamaza ilipokatwa. Akamwekea babake kidole kwenye kitufe.

"Hapa nimeshika mguu wa mbele na wa katikati," alimwambia. "Bonyeza."

Habibu alibonyeza. Spika ikasema *kra*. Akabonyeza tena, kimya.

"Sasa nimehamisha nyuma. Na wa katikati ni uleule."

*Kra.*

Mzee alibonyeza mara nyingi. Uso wake ulikuwa umekaa vile ulivyokuwa ukikaa zamani redio ngumu ikimshinda, macho yamefumbwa nusu, mdomo unatafuna hewa. Zamzam alimweleza kuhusu bembea. Alimweleza kuhusu nyaya nne. Alipofika kwenye kuinama alijikwaa, lakini akamaliza: wapiga gitaa wanainama kwa sababu ya swichi za ukutani, na watu wanainama kwa sababu wapiga gitaa wanainama.

"Ngapi zilikuwa nzima?" Habibu aliuliza.

"Sita, Baba. Sasa tano. Na mbili zimepona."

Adhana ya alasiri ilikuwa inaanza. Mzee aliinuka, akaipapasa fimbo yake, akatoka. Zamzam alikaa mezani hana hamu ya kushika kitu, akijilaumu kwamba kwa kutaka kujua kwake amemvua baba yake nguo mbele ya macho yake mwenyewe.

Habibu alirudi baada ya swala, akapita benchi lake, akaja kusimama nyuma ya kiti cha binti yake.

"Plastiki inaogopa moto," alisema. "Hilo nalijua mimi. Shika mguu na koleo, karibu kabisa na kifua. Moto utakimbilia kwenye koleo. Funga mpira kwenye mipini, ijikaze yenyewe. Mimi nahesabu. Nikisema tatu, toa."

Wakafanya hivyo. Zamzam aligusa, mzee akahesabu moja, mbili, tatu, mguu kwa mguu, nyaya sita. Kila baada ya mguu mmoja alidai wasubiri swichi ipoe. Plastiki haikulainika. Walipomaliza, Habibu aliomba tupa. Akautafuta ule msalaba kwa kidole, akausugua taratibu mpaka pakawa laini.

Ijumaa Festus alikuja, akaweka unyayo juu ya kitufe, *tak*. Alikitazama kitufe kile kama mtu anayekutana na jirani wa zamani. "Aiya," alisema mwishowe. "Si hii ni ile yangu?"

"Ni hiyo yako," Zamzam alijibu, na kabla hajaongeza neno, Habibu akauliza kutoka benchini arusi ni saa ngapi.

Jumamosi alasiri uwanja wa Muindi ulikuwa umejaa. Habibu alikuwa amekatalia kwenye kiti cha mbele, kanzu nyeupe, koti na kilemba, fimbo katikati ya magoti, na watu wa Kalama waliomjua walishangaa wakanong'onezana, maana tangu lini fundi akaonekana kwenye ngoma? Jenereta ilinguruma nyuma ya jiko. Kaloki alishika kipaza sauti. Nyuma yake Festus alisimama wima kama mlingoti, uso umekauka kwa woga, na kijana mmoja mwenye gitaa lake mwenyewe alikuwa amesimamishwa kando, akisubiri. Zamzam alimwona kijana yule. Alijua koleo lilikaza vizuri, alijua kila mguu ulihesabiwa, na bado roho ilikuwa mkononi.

Kaloki aliimba. Maneno yakaelekea mwisho, yakaisha. Festus aliinua ncha ya kiatu, akakanyaga.

Gitaa likalia. Lililia kwa nguvu kuliko siku ile ya maonyesho, maana sasa sauti ilikuwa inapita njia yake yote badala ya ile ya kuungaunga. Festus hakuwa ameinamisha hata shingo. Na umati wote, akina mama, vijana, bwana arusi na bibi arusi na shela lake, ukainama mpaka mikono ikagusa vumbi, ukainuka pamoja. Festus aliwatazama kutoka juu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona wakifanya hivyo, kwa sababu naye alikuwa chini. Machozi yakamtoka, akaendelea kupiga, na Kaloki akamgeukia yule kijana akamwashiria aende akale.

"Imekuja," Habibu alisema. "Nimeisikia. Ameinama?"

"Hapana, Baba. Amesimama."

"Na watu?"

"Watu wameinama wote."

"Yeye hainami, na wao wanainama?"

"Wamezoea."

Mzee alitafakari hilo muda wote wa wimbo. Wimbo wa pili ulipoanza aliomba ainuliwe, na Zamzam akadhani amechoka, anataka kurudi. Lakini alisimama tu pale mbele, amelaza sikio upande wa bendi, anasubiri kitu. Maneno yakapungua. Yakaisha. *Tak* yenyewe haikusikika kwa kelele, lakini sauti iligeuka, na Habibu Musau, ambaye hajui mambo ya ngoma, akashika fimbo kwa mikono miwili akaanza kuinama.

Zamzam aliruka kumdaka akidhani anaanguka.

"Niache," mzee alisema, kichwa kikiwa chini, kilemba kinataka kudondoka. "Nimewainamisha miaka kumi na minne. Wacha na mimi niiname mara moja."

Basi Zamzam akamwacha, ila mkono wake hakuuondoa kwenye kiwiko chake, na kwa kuwa alikuwa amekishika ikabidi naye ainame.